Mursik ya Kuwachelewesha

Nyanya alipofungua kibuyu cha mursik leo, ile harufu ya maziwa yaliyoganda na mkaa ilinirudisha utotoni, siku askari walipokuja kumshika mjomba kwa kupenda mwanaume mwenzake. Mjomba alikuwa jikoni. Nyanya aliwakalisha askari sebuleni.

"Vijana, kwangu mgeni hatoki bila mursik. Kunyweni pole pole."

Kukataa ni matusi, kwa hivyo walikunywa, wakaongezewa, huku mjomba akitokea mlango wa nyuma na kupotea katikati ya shamba la majani chai. Nilihesabu kila funda lao.

Leo mjomba amekuja na mpenzi wake, wametoka mkutano wa kutetea watu kama wao. Nimeshachungulia dirishani mara tatu.

"Wewe, toka hapo," nyanya ananiambia akinimiminia. "Leo hakuna mtu wa kuchelewesha. Kunywa."