Tulivyochimba kituo cha rada cha vita vya Kagera tukitafuta dhahabu ya Mjerumani

Wakuu, habari za mahangaiko.

Kila nikipita humu nakuta mtu anauliza mashine nzuri ya kutafuta mali zilizofukiwa na Mjerumani wa ukoloni inapatikana wapi, na kila mara mkono unaniwasha. Leo naandika. Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Nilikuwepo, nilishika nyundo, na nililala mahabusu.

Mimi niko Geita mjini, Kalangalala, nauza spea za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mke wangu kwao ni kijiji kimoja kando ya ziwa. Jina la kijiji nalihifadhi, mkisoma hadi mwisho mtanielewa.

Mke wangu ana kaka yake, Masanja. Masanja kachimba Mwakitolyo, kachimba Nyarugusu, kote katoka na kikohozi tu. Siku moja kaingia dukani anahema kama kakimbizwa na fisi.

"Shem, nyumbani kuna mali. Tumechungia mbuzi juu yake tangu utoto na hatukujua."

Mali yenyewe ni hivi. Kwao juu ya mlima kuna kijumba cha zege, hakina mlango, kina dirisha moja jembamba linalotazama ziwa. Mbele yake kuna sakafu ya zege, na katikati ya sakafu kuna boliti nene zimepangwa duara, zimeliwa na kutu.

Nani kajenga? Masanja hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mjerumani.

Wakuu, huku kwetu zege lolote lisilo na mwenyewe ni la Mjerumani. Daraja lililovunjika, la Mjerumani. Kaburi lenye msalaba mkubwa, la Mjerumani. Nina hakika choo changu kikiachwa bila mtu kwa muda, wajukuu watakuja kukichimba.

Nikacheka. Halafu, kwa sababu na mimi ni binadamu, nikawasha pikapu.

Njiani tukampitia mtu anaitwa Injinia. Huo uinjinia kaupatia wapi sijui mpaka leo. Alikuwa na mashine ya kunusa madini, miwani ya jua, na begi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alikuwa anaongea taratibu sana, kama daktari anayekuletea majibu mabaya.

Tulifika mchana, tukapanda mlimani. Injinia akatembeza mashine juu ya sakafu. Ikalia. Akaipeleka kushoto, ikalia. Kulia, ikalia. Masanja akaanza kutoa machozi.

Sasa mnisikilize: lile zege lote lina nondo ndani. Mashine ya kunusa chuma ukiiweka juu ya nondo, ulitaka iimbe kwaya?

Lakini nani aliwaza hilo? Injinia akazikagua zile boliti, akasema ni dira. Eti Mjerumani kaziweka ili akirudi ajue mzigo uko upande gani.

Jioni tukashuka kula kwa mama mkwe. Huyu mama namheshimu, na kwa mila za huku siwezi kukaa nikamkazia macho. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimegeukia pembeni, akaitikia marahaba, ugali ukaja na sato. Masanja akashindwa kujizuia, akamwambia mama yake.

"Mayu, tunakujengea nyumba. Tumepata dhahabu ya Mjerumani kule juu."

Mama mkwe akaacha kumimina mchuzi.

"Mjerumani gani? Pale walikaa wanajeshi wetu. Vita vya Kagera. Nilikuwa binti."

Akasimulia. Walikuja na malori, wakamwaga zege, wakasimamisha kitu kikubwa kama ungo juu ya nguzo. Kile kitu kilikuwa kinazunguka kutwa kucha. Wakuu, mnaijua Kanda ya Ziwa. Ungo, juu ya mlima, unazunguka wenyewe! Kijiji kizima kilikubaliana kwamba serikali imeleta wachawi.

"Baba yangu alipanda na dawa kwenda kuuzima," akasema. "Wakamkaribisha, wakampa mkate. Akarudi anasema ni wachawi wazuri."

Tukacheka wote. Yeye hakucheka sana.

Akasema kile kitu kilikuwa kinaona ndege ikiwa bado mbali kule ziwani. Wakiiona, wanapiga simu Mwanza, halafu wanagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Wakati wa vita ile rimu ililia, yeye yuko shambani na mdogo wake mgongoni. Akajitupa kwenye mihogo. Ndege za adui zikapita juu yao, chini kabisa, zikaelekea Mwanza.

"Mtoto alikuwa anacheka," akasema. "Alidhani nacheza naye. Mimi nimeziba masikio yake, najikojolea."

Mimi nikarudisha tonge kwenye sahani, nisidanganye.

Masanja akaosha mikono. "Mayu, hizo za vita ni za juzi. Chini yake ndiyo kuna Mjerumani."

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, jeshi haliwezi kwenda kukaa mahali bila sababu. Nao walikuwa wanatafuta."

Hapo ndipo nilipaswa kugeuza pikapu. Sikugeuza.

Asubuhi tukaanza kuvunja. Nyundo na moko, ile patasi ya wachimbaji, Masanja anazijua kama kijiko. Mpaka jua linasimama utosini tumetoboa karibu na ukuta wa kijumba, na chini yake kweli kulikuwa na shimo limejengewa, kavu, na ndani yake sanduku la chuma la kijani.

Masanja alipiga magoti. Mimi nilishaanza kupanga fremu nyingine mbili za duka pale Kalangalala.

Nikafuta vumbi kwa kiganja. Chini ya vumbi kuna rangi nyekundu na maandishi: HATARI. USIGUSE.

Nikasema, "Jamani, Mjerumani gani anaandika Kiswahili?"

Wakuu, jibu la Injinia sitalisahau mpaka naingia kaburini. Alivua miwani, akasema:

"Alitaka msijue kwamba ni Mjerumani."

Na Masanja akaitikia, "Eeh, wale watu walikuwa na akili sana!"

Masanja kashika nyundo avunje kufuli. Nikadaka mpini. Tukavutana, ananiita mwoga, ananiambia dada yake kaolewa na mwanamke mwenzake. Kilichotuokoa siyo akili yangu. Ni Injinia alisema tusifungue bado, hayo maandishi ni ya jini mlinzi, linataka kondoo mweusi kwanza.

Ndiyo. Ushirikina ndio ulioniokoa. Andikeni mnachotaka.

Tukashuka kutafuta kondoo. Mama mkwe akauliza kondoo wa nini. Nikamweleza maandishi niliyoyaona. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, yule mama alinitazama usoni.

"Ng'wanawane, mwanangu, hayo ni ya wanajeshi. Mkigonga, mnakufa."

Hakupiga kelele. Akajifunga kitenge, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumshtaki mwanawe wa kumzaa.

Polisi walitukuta na kondoo. Tulikuwa wawili, mimi na Masanja. Injinia alikuwa "kaenda kujisaidia" na hadi leo hajamaliza.

Wanajeshi wakaja, wakahamisha watu, wakatazama ndani ya sanduku kwa muda mrefu, wakaongea kwa sauti ya chini. Kisha wakalibeba kama wanabeba mtoto mchanga mpaka bondeni, wakalilipua. Sisi tuliusikia mlipuko tukiwa mahabusu. Bati la kituo lilitetemeka. Masanja akatapika.

Siku ya kutuachia, sajenti mmoja alitukalisha. Akatuambia pale palikuwa na rada, na lile sanduku lilikuwa na risasi kubwa za kutungulia ndege, lilisahaulika wakati wa kuondoka.

Akatuuliza, "Waliokaa pale wengi walikuwa vijana kuliko nyie. Hapo kijijini kuna anayewakumbuka?"

Nikasema yupo mmoja.

Funzo langu ni hili. Sisi tunamheshimu Mjerumani ambaye hakuwahi hata kukanyaga ule mlima, tunampelekea kondoo. Wale waliokesha wakitazama ziwa ili mama mkwe wangu asife kwenye mihogo, tumewavunjia sakafu. Hakuna hata kibao. Nikamwomba mwenyekiti tuandike japo jina la kituo kwenye ule ukuta, akaniuliza bajeti iko wapi.

Unadhani kijiji kimejifunza? Habari iliyopo sasa ni kwamba mlipuko ulikuwa wa kuzuga, na wanajeshi walibeba dhahabu. Watu wanatoka Ushirombo, wanatoka Kahama, kuja kuliona shimo.

Na anayewapandisha mlimani, anawaonyesha zile boliti na kuwaeleza habari za dira, ni Masanja.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kwenu kuna zege ambalo mzee fulani anajua lilijengwa na nani, weka hapa alichosema. Wenye mashine za kunusa, piteni kimya kimya.