Mpagazi wa Tano

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe, tena saa nane mchana, dukani kwangu Gongoni. Wala mimi si mtu wa kubabaishwa na vivuli. Nina diploma ya kompyuta, niliyojilipia kwa kubeba zege Dar es Salaam, kisha nikarudi Tabora kufungua studio ya kusafisha picha za zamani.

Siku hiyo Mama Anastazia wa Itetemia alileta picha ya marehemu mumewe, mrina asali wa Ipole. Ilikuwa hiyo moja tu duniani, na ukungu umemla uso. Aliitaka kwa misa ya kumbukumbu kesho yake.

"Lakini picha ya marehemu haitumwi kwa watu nisiowajua," akasema. "Ishughulikie hapa hapa, nikiiona."

Amefika penyewe! Nilikuwa nimeunda ukurasa unaosafisha picha ndani ya kivinjari, bila picha kuondoka kwenye kompyuta. Nani mwingine mjini anao? Nikabofya. Ukurasa ukaganda. Nikarudia, ukaganda tena.

"Mwanangu, na diploma yako imeota ukungu?"

Kabla sijajibu, akaingia mzee mwenye mgolole begani, miguu vumbi hadi magotini. Nje mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, tope tupu. Vumbi alilitoa wapi? Mama akasogea kwenye benchi kumpisha, naye akaketi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

Alikitazama kioo cha kompyuta. "Mbona umembebesha mmoja?"

"Hii ni kompyuta, mzee wangu."

"Mzigo ni mzigo. Tulipotoka hapa na msafara kwenda pwani, kirangozi alitangulia na ngoma yake, aimbe na kuitazama njia. Mizigo ilibebwa na sisi wa nyuma. Wewe umemtwika kirangozi pembe zote za ndovu, halafu unashangaa amenyamaza?"

Niamini, mzee alikuwa sahihi! Kazi yote niliipitisha kwenye uzi mmoja wa programu, ule ule unaosikiliza mtu anapobofya. Nikaketi kwenye meza yangu iliyo mlangoni kuandika upya. Nikaikata picha vipande vinne, kila kipande nikampa mfanyakazi wake wa nyuma, yaani uzi wa pembeni, na uzi wa mbele nikauachia kioo peke yake.

Nikabofya. Mistari ya kazi ikaanza kujaa kiooni: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Na wa tano. Wa tano sikuuandika mimi, nao ndio uliotangulia kumaliza.

Uso ukatokea. Mama akapiga kigelegele hadi wenye maduka wakaja kuchungulia. "Ndiye! Hata kovu la nyuki shavuni!" Kisha akageuka. "Babu kapita wapi? Mlango si huo ulioukalia wewe?"

Benchi lilikuwa na vumbi kavu.

Leo studio za Nzega hadi Igunga zinatumia ukurasa wangu, na walioicheka diploma yangu wananiita mwalimu. Lakini yule wa tano bado yumo. Nimepekua kila mstari niliouandika, simwoni. Siku moja nilimzima kwa nguvu, nikasafisha picha ya harusi. Ikatoka safi kabisa, ila bwana, bibi na wageni wote walikuwa wametupa visogo, kama watu wanaoondoka. Nilipomrudisha, wakageuka.

Kwa hiyo nakuonya. Ukitumia ukurasa wangu ukaona kazi ya tano, usiulize, usiizime. Mwache abebe.