Mgonjwa Anayecheka Ndani ya Friji ya Fundi

Saa mbili asubuhi, kabla hajagusa bisibisi, fundi wa friji anafungua friji kuukuu iliyo kwenye kona ya karakana yake na kuvuta droo ya mboga. Mboga hamna. Kuna bakuli la maji, na ndani yake mgonjwa.

"Umeamkaje, bibie?"

Bibie anatabasamu tu. Ni aksolotli, kiumbe wa majini mwenye miguu minne na matamvua yaliyochomoza nje ya kichwa. Mdomo wake umeumbwa hivyo: akiwa mzima anacheka, akiwa taabani anacheka. Kwa huyu, kufa na tai shingoni si usemi tu.

"Mdomo wake usiuamini," fundi anamwambia mwandishi wa makala haya. "Tazama matamvua. Yakijikunja kuja mbele, maji yanamtesa. Yakiota kitu cheupe kama pamba, hiyo ni kuvu."

Ametengeneza friji miaka ishirini na miwili. Miaka minne iliyopita mteja alimletea friji iliyokufa huku analia, fundi akadhani analilia nyama. Kumbe alikuwa akipozea maji ya aksolotli, ambao joto likizidi huugua.

"Nikasema, kama dawa ni baridi, basi kazi ni yangu."

Akamganda daktari wa mifugo mpaka akafundishwa. Sasa hupokea wagonjwa watatu au wanne kwa mwezi, kwa malipo yasiyofikia kujaza gesi friji moja. Mkewe humuuliza lini atavaa koti jeupe.

Bibie ni wa mama mshonaji wa mtaa wa pili, aliyeachiwa na bintiye aliyekwenda kusoma mbali. Wiki iliyopita kifungo cha shati kilidondokea kwenye tangi, naye aksolotli hufyonza chochote kinachopita mbele yake. Akaacha kula, akaanza kuelea. Binti akipiga simu jioni, mama alijibu, "Mzima, anacheka."

"Sikudanganya," anasema mama, ambaye huja hapa kila asubuhi. "Si anacheka?" Kisha anatazama chini. Anaogopa kufiwa na kiumbe asiye wake.

Baridi humtuliza mgonjwa, na wakati mwingine tumbo huachia lenyewe. Leo ni siku ya tano. Fundi anamhamishia kwenye maji mapya yaliyopozwa, kisha anamwaga ya jana polepole. Chini ya bakuli kimebaki kitu kidogo cheupe, chenye matundu manne.

"Chako hiki, mama."

Mama anafuta machozi kwa kanga, anampigia bintiye na kumweleza yote. Fundi, akijifanya hasikii, anamwambia mwandishi kuwa anatafuta friji ya kioo, ya dukani, ili awaone wagonjwa bila kuwafungulia mlango.

Sauti ya binti inasikika simuni: "Na wewe mama, mzima kweli?"

Mama anacheka, kama kawaida yake. Kisha anaacha.

"Magoti yananiuma, mwanangu. Tangu mwezi juzi."

Fundi anamsogezea kigoda.