Kilichoanguka Kibanjani kwa Mukakalisa

Mukakalisa alikuwa akipunguza majani makavu kwenye kibanja chake cha migomba, kule Bweranyange, aliposikia kitu kikichana majani juu yake. Hakupiga kelele. Alijilaza kifudifudi, viganja masikioni, kama watu walivyozoea kufanya wakati wa vita vya Kagera, akangoja mlipuko. Ukimya. Alipoinua kichwa aliona kisanduku cheupe kikining'inia kwa kamba ndefu, na kwenye kamba hiyo mpira mkubwa uliopasuka, mwembamba kama utando wa maziwa.

Ilikuwa mwaka 1984. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini kitu cha kutoka angani bado kiliwakausha watu mate.

Jirani yake Eugenia ndiye aliyefika kwanza. Alisimama mbali, kwenye mibuni.

"Mama Theoneste, hicho kimekuja kwako?"

"Kimeanguka kwangu. Kuja ni jambo jingine."

"Mbona hakikuangukia kwetu?"

Mukakalisa alilielewa swali hilo vizuri. Alifika Karagwe akiwa msichana wa kubeba mtungi, pamoja na watu wa kwao waliokimbia Rwanda. Aliolewa hapa, akamzaa Theoneste hapa, akamzika mume hapa. Hata hivyo, kila palipotokea jambo lisilojulikana, macho yalianza kwake.

Balozi wa nyumba kumi, Kamugisha, alikuja na wanaume wawili wenye fimbo. Nyuma yao alikuja Othman mwenye duka, mtu mwenye asili ya pwani, ambaye redio yake ilikuwa haizimwi. Othman alikizunguka kile kisanduku, mikono mgongoni.

"Juzi redioni walieleza habari za viumbe wa nyota nyingine," alisema. "Wakitaka kutufikia, watafikaje? Nyota ya jirani kabisa, mwanga wake wenyewe husafiri zaidi ya miaka minne. Kwa chombo cha kawaida, aliyepanda hafiki. Atazaa humo ndani, mwanawe naye atazaa, na atakayeshuka ni kitukuu."

"Hicho kisanduku hakimtoshi hata mtoto," alisema Kamugisha.

"Ndiyo maana walisema kuna njia nyingine, balozi. Hutuma mashine kwanza. Haili, hailali, haizeeki. Inakuja, inachunguza nchi, inapeleka habari kwao."

Neno hilo, inachunguza, liliwageuza wote wakamtazama Mukakalisa.

"Inapeleka habari kwa nani?" Kamugisha aliuliza taratibu. "Na humu kijijini inapokelewa na nani?"

"Balozi, shikamoo yangu ya jana uliiitikia vizuri," Mukakalisa alisema. "Leo nimekuwa wa nyota gani?"

Hawakucheka. Waliingia nyumbani kwake wakapekua. Walifunua mikeka, wakamwaga maharage, wakatoa kioo kidogo alichokuwa akijitazamia siku za kwenda kanisani. Eugenia alikigeuza huku na huku juani.

"Hiki ni cha kumulikia nini?"

"Cha kumulikia uso wangu. Kijaribu."

Eugenia alikirudisha haraka.

Watu walikaa kukilinda kile kisanduku, lakini Mukakalisa aliona vizuri kwamba migongo yao ilielekea kisandukuni na nyuso zao mlangoni kwake. Akiwa ndani akiokota maharage, aliwaza yale maneno ya Othman. Kitukuu atakayeshuka ataulizwa kwa nini babu zake waliondoka, naye atajibu nini? Yeye mwenyewe bibi yake alizikwa njiani, kando ya kijito ambacho asingeweza kukionyesha tena.

Kesho yake lilikuja gari kutoka wilayani. Kijana aliyevaa miwani alikikata kisanduku kwenye kamba, akakitikisa, akasema ni chombo cha watu wa hali ya hewa, hurushwa na mpira ili kipime upepo, halafu huanguka popote.

"Popote?" Kamugisha aliuliza.

"Popote, mzee."

Gari likaondoka. Othman hakuridhika, alisema hata mashine ya kutoka nyota nyingine wangeiita chombo cha kupima upepo. Kamugisha alibaki akikunjakunja kofia yake.

"Mama Theoneste, ilikuwa kazi tu."

"Nimesikia."

Hakumpa kigoda. Tangu siku hiyo, balozi akija, alimpokea amesimama mlangoni.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, barabara ilijaa watu kutoka Rwanda, na magodoro vichwani. Mukakalisa alitoka na ndoo ya maji na kikombe. Alikuwa amesikia mauaji yaliyotendeka huko, na hakujua aliyesimama mbele yake alikuwa amekimbia au amekimbiwa. Mwanamume mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Nsabimana alinyoosha mkono.

"Umetoka wapi?" Mukakalisa alimuuliza kwa Kinyarwanda. "Ulikuwa unafanya nini huko? Kwa nini umepita kwangu?"

Maswali yalimtoka moja baada ya jingine, na sauti aliyoisikia masikioni mwake ilikuwa ya Kamugisha. Aliinama akachota maji. Yule mtu alikitazama kikombe tu.

Alimpa. Alisimama hapohapo mpaka yule mtu alipomaliza kunywa, akiitazama mikono ya mgeni huyo.