Glavu za Nyuma ya Mashine

Kibali changu cha kutoka Qatar kilikuwa mezani kwa meneja, hakijasainiwa, na ndege yangu ilikuwa Alhamisi. Miaka ile hukuweza kutoka nchini bila saini ya mwajiri. Binti yangu nilimwacha Kenya kwa mama yangu akiwa na miezi saba. Sasa alikuwa na miaka mitatu na aliniita "anti wa simu." Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilikuwa muoga.

Nilikuwa mtunza stoo mtaa wa Muaither, Doha, katika kampuni inayopeleka wasafishaji mashuleni na kwenye zahanati. Jumatatu meneja akaniambia, "Programu mpya hii. Kila bidhaa iwekee kiwango cha kuagiza. Ukimaliza nasaini."

Kiwango cha kuagiza si elimu ya chuo kikuu. Ni ile idadi ambayo mzigo ukishuka hadi hapo, kompyuta inakupigia kelele: agiza. Glavu tulitumia katoni mbili kwa siku, na mzigo mpya ulichukua wiki tatu kufika. Hata mtoto wa darasa la nne angekwambia agiza kabla hazijashuka chini ya arobaini na mbili. Mimi niliandika kumi.

Hesabu naijua. Niliandika kumi kwa sababu nyuma ya mashine mbovu ya kusugulia sakafu nilikuwa na katoni thelathini na tano ambazo kompyuta haikuzijua; kumi na hizo zingetosha wiki tatu. Unaziandika zimetoka, kumbe zipo. Kila mtunza stoo niliyemjua Doha alikuwa na zake. Mama Mganda aliyenifundisha kazi alinionyesha ile kona siku ya kwanza. "Mwanangu, kitu kikiisha watakulaumu wewe, si kompyuta. Akiba haiozi." Tena meneja alichukia kuona stoo imejaa. Alipoona ile kumi alitabasamu. "Khalas, madam, tumemaliza. Kazi nzuri. Jumatano nasaini."

Jumatano asubuhi dereva wetu, Mzanzibari, akaja kupakia. Nikamwambia achukue katoni moja kule nyuma ya mashine.

"Zipi tena, dada? Zile nilizimaliza wiki iliyopita, ulipokuwa mgonjwa. Zahanati ya Al Wukair walitaka za haraka."

"Zote?"

"Zote. Si wewe mwenyewe uliniambia zile hazina karatasi?" Akacheka. "Wallahi, nyinyi watu wa bara mnaficha mpaka glavu! Siku moja utamficha mumeo usahau ulimweka wapi."

Nilienda kuchungulia. Vumbi, na alama za pembe za maboksi sakafuni. Tangu nirudi kazini sikuwa nimetazama hata mara moja. Kwenye rafu zilibaki katoni kumi na mbili, za siku sita, na kompyuta ilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nimeifunga mdomo mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Saini leo, ndege kesho, ziishe nikiwa nyumbani nikimnywesha mtoto uji. Lakini kabla ya stoo nilisafisha vyoo vya zahanati mwaka mzima. Najua dawa ya vyoo inavyokula mkono mtupu. Ngozi inachubuka, huwezi kushika chakula chenye chumvi. Wanawake ambao wangekosa glavu nililala nao chumba kimoja mtaa wa Najma. Dakika ile niliwachukia, Mungu anisamehe. Halafu nikafuta kumi nikaandika hamsini.

Skrini ikawa nyekundu, yangu na ya meneja. Akaniita.

"Jumatatu kumi, leo hamsini. Unacheza na mimi?"

"Kumi ilikuwa uongo, bosi." Nikamweleza yote. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alichukua kibali changu, akakitia kwenye droo.

"Glavu zikifika, utaenda."

Na alijua! Mameneja wote wanajua kwamba stoo zinaficha, wananyamaza mpaka siku ya kumtafuta wa kulaumiwa.

Nikampigia mama. "Siji kesho."

"Mtoto ameshavaa viatu, anasema hatavivua," akasema. Nikakata simu.

Wiki tatu niliamka na idadi ya katoni zilizobaki kichwani. Kumi. Sita. Mbili. Meneja akaazima katoni chache kutoka kampuni nyingine, nikazigawa kama dawa, jozi kwa jozi. Kila simu ya ofisini nilidhani amebadili nia.

Zilipofika alinihesabisha zote, kisha akasaini bila kuinua macho. Sikushukuru. Uwanja wa ndege afisa aliiangalia ile karatasi muda mrefu mno. Hata nilipofunga mkanda, kila mhudumu aliyepita kwenye ujia nilidhani anakuja kuniambia nishuke. Ndege ilipoacha ardhi, ngumi zangu bado zilikuwa zimefungwa.