Burma Yetu Iliishia Makindu

Leo nimeaibika mbele ya wakwe zangu, na keki ilikuwa imeshaandikwa jina.

Mtoto wetu wa kwanza amezaliwa, ni kijana. Kwa sisi Wakamba hapo hakuna mjadala: anachukua jina la baba yangu, Burma.

Basi kwenye sherehe ya kumpa jina nikasimama pale nyumbani Mbooni, nikawaeleza wakwe vile babu yangu alipigana Vita vya Pili vya Dunia huko Burma, Asia, akarudi, akampa mwanawe jina hilo.

Baba mkwe akapiga makofi!

Halafu Susu Kavata, dada mdogo wa babu, akaweka kikombe chini.

"Nani alipigana? Ndugu yangu alifika stesheni hapo Makindu tu, akaona gari la moshi, akaogopa, akarudi kwa miguu."

Jameni!

"Sasa Susu, jina lilitoka wapi?"

"Miaka hiyo ya arobaini, jirani mmoja alirudi kutoka Burma na blanketi na buti. Wanawake tukadhani huko ni kuzuri. Watoto saba hapa kijijini wakaitwa Burma."

Nikamgeukia baba yangu. Mzee anakula keki tu.

"Mimi nilijua kitambo. Wewe ungetaka kuitwa Makindu?"

Mama mkwe alicheka mpaka akatoa leso afute machozi.

Sasa niambieni, mtoto abaki Burma?

Lakini kabla hamjajibu, nilimuuliza Susu kama huyo jirani aliyefika kweli pia alimwita mwanawe Burma.

"Huyo? Alikataa kabisa. Wa kwake alimwita Mbooni."