Mgeni Aliyeambiwa Khalfani Kasafiri

"Nimeizunguka Asia peke yangu, na nimeona kwamba mlango wa Muislamu haufungwi." Kayaandika hayo Khalfani, mtoto wa ammi yangu, hapa hapa mtandaoni.

Uongo. Leo kaufunga wa kwake, mjini Ibra, na mimi nimo ndani.

Tulikuwa majlis, chumba cha wageni, tunakunywa kahawa na wakwe zake, watu wakubwa serikalini. Kengele ikalia. Mfanyakazi akasema nje yuko Mtajiki, begi mgongoni, anamuulizia bwana.

Khalfani akachungulia dirishani.

"Lahaula! Yule wa milimani."

Sote tunamjua kwa hadithi. Khalfani aliugua homa huko katika safari yake ya Asia, akalazwa kwao siku tisa, na mama mtu akimnywesha supu kwa kijiko.

"Mwambie nimesafiri," akasema. "Leo nna wageni wa maana."

Kwa sauti ile! Na dirisha liko wazi!

Wakwe wakaendelea kula tende.

Mimi nikatoka. Mgeni kainama, anaweka kifurushi cha mishmishi kavu, matunda ya kwao milimani, kizingitini. Akanambia kwa Kiarabu cha vitabuni:

"Mama alizianika mwenyewe kabla hajafa. Kaniusia nimpe Khalfani mkononi. Basi mpe wewe, akirudi safari."

Hakunitazama.

Sikukipokea. Nimemtia garini na kifurushi chake, na sasa yuko kwangu Nizwa.

Khalfani, usinipigie simu kuniomba nifute. Njoo leo hii, umtazame usoni, upokee amana ya marehemu kwa mkono wako. Na hao wakwe zako waje nao, washuhudie.